Mikono Nyuma

Nikimkumbuka Karani, namwona amesimama mbele ya kompyuta akiwa ameweka mikono nyuma, kiganja juu ya kiganja, kama mwanakwaya anayengoja kuanza wimbo. Mashine imezimwa, imewashwa, inajinyanyua taratibu na mistari yake myeupe inapanda kwenye kioo. Karani haigusi. Na ole wako wewe unayejiita fundi ukinyoosha hata kidole.

"Mikono nyuma!" atasema. "Tuone kama inajua kuamka peke yake."

Alikuwa karani wa kumbukumbu katika zahanati ndogo upande wa Magwagwa, jengo la vyumba vitano na veranda, mashamba ya majani chai mbele na migomba nyuma. Hakuna aliyemwita kwa jina. Hata watoto wa jirani walimwita Karani, na sidhani alikasirika, maana cheo kile alikivaa mwili mzima. Alikuwa mama mnene, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na miwani aliyoifunga kwa uzi mwekundu wa kufumia.

Kazi yake ilikuwa kutunza majina. Zahanati ile iliwahudumia watu wengi wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi, na wengi hawakuwa wa pale. Mtu wa Nyaramba anapita zahanati mbili za kwao, anapanda bodaboda mpaka Magwagwa, kusudi asikutane na shemeji yake kwenye foleni. Huko kwetu mlima mzima ni ndugu na wakwe. Jina likiponyoka asubuhi, saa sita limeshafika kwa mama mkwe. Kwa hiyo kila mgonjwa mgeni alipoketi mbele yake, Karani aliyafunika mafaili mengine kwa kiganja, akamtazama machoni na kumwambia, "Jina lako halitoki hapa." Hakuapa wala kusema zaidi ya hapo. Watu walimwamini, wakarudi mwezi baada ya mwezi, na kwa kuwa walirudi, waliishi.

Kisha majina yakaingizwa kwenye kompyuta, na hapo ndipo nilipoingia mimi.

Nilikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta mjini Kisii, diploma ukutani, na kiburi cha kutosha watu watatu. Nilipoitwa kuitazama ile mashine niliikuta imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, kama redio ya sebuleni.

"Karani," nikamwambia, "hiki kitambaa kitaichemsha. Inahitaji hewa."

"Na vumbi je? Inahitaji vumbi pia?"

Tulibishana kwa muda wa birika zima la chai. Mwishowe alikubali kukiondoa ikiwa inafanya kazi, na kukirudisha ikizimwa. Ajabu ni kwamba hakuipenda mashine yenyewe. Alisema ni kitu kisicho na haya. Lakini mtu mwingine akiitukana, tuseme muuguzi apige meza aseme "mashine gani hii takataka," Karani alimkaripia kama aliyetukaniwa mtoto. "Nyinyi ndio hamjaifundisha," alisema.

Mlangoni kwake palikuwa na kanuni moja. Magwagwa ikinyesha ni tope, na kila aingiaye alivua gambuti nje. Siku nilipoanza kumweleza kazi yangu kwa maneno ya chuoni, alininyamazisha.

"Gambuti umevua. Sasa vua na hiyo Kizungu, uiache hapo nje. Ukitoka utaichukua."

Jamani, nilitoa jasho. Jaribu wewe kumweleza mtu mambo ya kerneli bila neno moja la Kizungu, naye ameshika kalamu na daftari la shule, anaandika kila unachosema. Nilimwambia hivi: mashine hii inatuma ripoti kwa mtandao, na njia ya kutokea ripoti ndiyo njia ya kuingilia wezi. Kwa hiyo tunaweka ukuta, nao ukuta si matofali, ni masharti. Huyu apite, yule asipite, yule mwingine akibisha mara nyingi mno afungiwe. Lakini masharti hayajitekelezi. Ndani ya kiini cha mfumo, ambacho sisi mafundi tunakiita kerneli, kuna vipande vidogo vinavyoitwa moduli. Kimoja kinakumbuka nani alianza mazungumzo, kingine kinahesabu wanaobisha, kingine kinaandika yaliyotokea. Kipande kisipoitwa, kinalala. Na katika mashine ile sharti moja likitaja kipande kilicholala, mfumo unayatupa masharti yote pamoja.

Karani akaacha kuandika. "Yaani muuguzi mmoja asipofika zamu, unafunga hospitali nzima?"

"Hapana, Karani. Mbaya zaidi. Unaiacha wazi, bila mtu mlangoni."

"Na nani anawaita hao wanaolala?"

"Mimi. Naandika amri kwa mkono."

"Stima ikipotea? Ikirudi, mashine si itajiwasha yenyewe, na wewe uko Kisii unakula samosa?"

Pande zetu mvua huja mchana karibu kila siku na radi zake, na stima hupotea kama mtu aliyeitwa. Hapo awali nilikuwa nikipigiwa simu, namsomea muuguzi amri herufi kwa herufi, yeye anakosea, tunaanza upya. Na wakati wote huo mlango uko wazi. Ubaya wenyewe ni kwamba bila ukuta mashine ilifanya kazi vizuri tu, pengine kwa wepesi zaidi. Hakuna taa iliyowaka kukuonya.

"Mashine inayongoja mtu ndiyo iamke vizuri haijafundishwa," Karani akasema, akageuka kuelekea ukutani. Pale palikuwa na karatasi ya zamu za wauguzi, jina chini ya jina. "Si uwaandikie hao vipande zamu? Ikiamka, inasoma, inawaita."

Kusema kweli ndivyo inavyofanywa dunia nzima. Kuna faili fupi la majina ya moduli, moja kila mstari, ambalo mfumo hulisoma unapowaka, kabla ya kuyapandisha masharti. Nililijua tangu chuoni. Nilikuwa mvivu tu wa kuliandika, maana kuitwa kwa simu kulinifanya nijione mtu wa maana. Yule mama aliyejifunza kompyuta uzeeni alilifikia kwa kutazama ukuta wake. Tangu siku hiyo lile faili halikuwa na jina jingine pale zahanati ila Zamu.

*

Usidhani alikuwa mtu mkimya. Wacha we! Habari za kijiji alikuwa nazo zote, moto moto. Nani amechumbia, ng'ombe wa nani amekula mahindi ya nani, sauti ya tatu ya kwaya imenuniana na ya nne kwa sababu ya sare. Alikusimulia huku akicheka mpaka miwani inateleza na kuning'inia kwenye ule uzi mwekundu. Ungeapa mtu wa namna hiyo hawezi kutunza siri hata ya bei ya sukari. Lakini mdomo wake ulikuwa na milango miwili, na ule wa pili sikuwahi kuuona ukifunguliwa. Nimefanya kazi naye miaka, nimekunywa uji wake wa wimbi uliochacha vizuri, na sijapata kusikia kwake jina la mgonjwa hata mmoja.

Sokoni watu walisema anajiona. Kwetu salamu si jambo la hiari. Kumpita mtu mzima bila kumsalimu ni kama kumwambia hayupo. Karani aliwapita watu. Alikuwa anaweza kumpigia kelele muuza ndizi wa upande wa pili wa barabara, kisha akampita mwanamke aliye mbele ya pua yake, macho yakitazama juu ya paa.

Na siku moja yule mwanamke alikuwa mama yangu.

Ilikuwa Nyaramba, siku ya soko. Nilikuwa nimembebea mama gunia la mboga, managu na sukumawiki, tukakutana na Karani ana kwa ana kati ya wauza viazi. "Fundi!" akaniita kwa furaha. "Hujambo? Ile mashine imelala vizuri." Akaniuliza habari za kazi, habari za mke wangu, habari za mtoto. Mama yangu amesimama pale pale, mkono nusu umenyooka. Karani hakumtupia hata jicho. Akaaga, akaenda zake.

Niliwaka moto. "Huyu mama ana dharau gani? Nitamwambia!"

Mama akarudisha mkono kwenye leso yake. "Mwache," akasema. "Labda hajaniona." Na nikashangaa kuona anatabasamu.

Sikumwambia Karani kitu, lakini nililiweka moyoni. Nilipoenda zahanati wiki iliyofuata sikunywa uji wake. Aliuona ule ukaidi, akaniongezea kikombe cha pili kando ya cha kwanza, vyote vikapoa.

*

Alikuwa Msabato wa kweli. Mimi ni Mkatoliki, na Ijumaa kwangu ni siku kama nyingine, lakini kwake ilikuwa siku ya maandalio. Kuni zilipasuliwa Ijumaa, maji yakajazwa, viatu vikapakwa rangi, chakula cha Sabato kikapikwa na kufunikwa. Jua likizama, mikono ya Karani haikushika kazi mpaka lizame tena Jumamosi. Na kwa kuwa hakutaka kuitwa Sabato, mashine nayo iliandaliwa. Kila Ijumaa saa tisa aliizima, akaiwasha, akaweka mikono nyuma. Ikimaliza kuamka, alifungua ukurasa niliomwonyesha, unaoorodhesha masharti ya ukuta. Akiyaona yamejipanga, alifunga daftari na kusema, "Sabato njema."

Huo ndio ulikuwa mtihani wote. Hauna werevu wowote. Lakini mafundi wengi niliowajua, na mimi nikiwa wa kwanza, hatuufanyi. Tunajaribu kitu kwenye mashine iliyokwisha kuwaka, kinafanya kazi, tunapiga mluzi tunaenda nyumbani.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Ijumaa moja nilikwenda asubuhi kuongeza sharti jipya, lile la kuhesabu wanaobisha mara nyingi, ambalo tulikuwa hatujaliweka bado. Lilihitaji kipande chake. Nikakiita kwa mkono, kikaamka, nikaandika sharti, nikalihifadhi, likafanya kazi safi kabisa. Nikasema nitakiandika kwenye Zamu baadaye. Mara simu ikalia, mteja wa Nyaramba printa imemkwama. Nikamwambia Karani asiizime saa tisa kama kawaida, anisubiri nirudi, nitafanya mikono nyuma mwenyewe. Bodaboda yetu ikazama kwenye tope njiani, na nilipofika zahanati jua lilikuwa limeshuka juu ya migomba. Muuguzi wa zamu alikuwa na mama mwenye mtoto mwenye homa, anaitumia mashine, akaniomba nisiizime.

Karani alikuwa mlangoni, kikapu mkononi.

"Fundi, umefanya mikono nyuma?"

Nilikuwa nimechoka, suruali imejaa tope mpaka magotini. Masharti yote niliyaona kwenye kioo yamejipanga. Na bado nilikuwa na kinyongo cha Nyaramba.

"Nimefanya," nikasema.

Akanitazama kidogo. Kisha akalitazama jua. "Haya. Sabato njema."

Kesho yake mvua haikungoja Sabato iishe. Saa nane radi zilipiga, stima ikapotea, ikarudi. Mashine ikaamka peke yake kama ilivyofundishwa. Ikaisoma Zamu, ikawaita wote walioandikwa. Yule mmoja ambaye sikumwandika akabaki usingizini, sharti langu jipya likamtaja, na mfumo ukayatupa masharti yote. Muuguzi akaendelea na kazi. Kila kitu kilikwenda vizuri. Majina yote ya wale watu waliopita zahanati mbili ili wafike kwetu yalikuwa nyuma ya mlango usio na mtu.

Karani alikuwa kanisani, katika ibada ya mchana, amevaa rinda jeupe la mashemasi. Muuguzi ndiye aliyenisimulia. Anasema alimwona akija kwenye kijia kati ya majani chai, viatu mkononi, rinda limerukiwa tope, anapumua kwa nguvu. Hakusalimu. Alisimama mbele ya mashine, mikono nyuma.

"Sister, nifungulie ule ukurasa."

Muuguzi akaufungua. Ulikuwa mtupu, vichwa vya orodha tu na chini yake hakuna kitu.

Karani akaitoa mikono nyuma, akainama chini ya meza, akauchomoa waya wa mtandao. Akauweka juu ya meza, akaufunika kwa kile kitambaa cha maua. Kisha akavaa viatu vyake vyenye tope akarudi kanisani kumalizia ibada.

Mimi alinipigia saa moja jioni, jua lilipokwisha kuzama. "Fundi, Sabato imekwisha. Kesho asubuhi njoo. Uje na ukweli."

Sijawahi kuogopa safari kama ile. Nilipofika alikuwa ameketi, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa mweupe. Hakuniamkua kwa hasira. Laiti angenipigia kelele! Nilimweleza yote, kipande nilichokisahau, na uongo nilioutamka pale mlangoni. Aliandika kila neno.

"Ulijuaje?" nikamwuliza. "Ulijuaje uje?"

"Ijumaa ulipojibu, jicho lako lilikuwa linatazama mlango. Ningekuuliza tena, lakini jua lilikuwa linazama na mimi pia nilitaka kwenda nyumbani. Hapo sote wawili tulikosa. Stima ilipopotea kanisani nikalikumbuka lile jicho." Akavua miwani. "Sasa niambie. Kuna mtu ameingia?"

Hilo ndilo lililokuwa swali. Tangu stima iliporudi mpaka alipochomoa waya ilikuwa kama saa moja. Saa moja kwenye mtandao ni ndefu. Nikakaa siku mbili nasoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari, yeye kando yangu anafuma. Wabishaji walikuja, naam, na wengine walijaribu kitasa tena na tena. Hakuna aliyepata neno la siri. Hakuna faili lililofunguliwa. Nilisoma mara mbili, na mara ya tatu akanisomea yeye kwa kidole, mimi nikimweleza kila mstari. Tulipofika mwisho akakiondoa kidole kwenye kioo.

"Fundi," akasema, "nilipowaambia hawa watu jina lao halitoki hapa, sikuwaambia halitoki isipokuwa siku ya mvua."

Nililia, sioni haya kusema.

Hakunifukuza. Alisukuma daftari mbele yangu nikaweka sahihi chini ya makosa yangu, na chini yangu akaweka ya kwake. Kisha nikakiandika kile kipande kwenye Zamu, akaniambia nizime mashine na kuiwasha mara saba.

"Saba, Karani? Moja inatosha."

"Ukuta wa Yeriko waliuzunguka mara saba ukaanguka. Huu wetu utauzima mara saba mpaka tuhakikishe umesimama. Mikono nyuma!"

Mara ya nne tulikuwa tunacheka. Mara ya saba akaniletea uji, na safari hii niliunywa.

Nilisikia kwamba wazee wa kanisa lake walimwuliza mbona alitoka ibadani kwenda kazini. Aliwajibu kwamba ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato Bwana mwenyewe amesema atolewe, na kwamba kuchomoa waya si kazi, kazi ni kuuchomeka. Wakacheka, yakaisha. Lakini yeye mwenyewe, mtu wa kanuni vile, alikiri kwangu kwamba hakupata usingizi Sabato ile, wala hakujua kama alikuwa amelinda amri au ameivunja.

"Ningefanya tena," akasema, akaendelea kufuma.

Amestaafu sasa. Zahanati ina karani mpya, kijana wa kike mwenye kucha ndefu na akili kali, naye kila Ijumaa saa tisa husimama mikono nyuma, ingawa si Msabato. Mimi nahudumia zahanati kadhaa Kisii na Nyamira, na sitoki mahali bila kuzima na kuwasha. Vijana ninaowafundisha hunicheka. "Fundi, hiyo ni ya kizamani, mashine za siku hizi zinaviita vipande zenyewe." Ndiyo, zinaviita, mpaka siku zisipoviita. Nawaambia waweke mikono nyuma.

*

Mwaka huu, tukiwa jikoni tunamenya ndizi, mama yangu aliniambia jambo. Alilisema hivi hivi, kisu mkononi, bila kuinua macho.

"Mimi ni mmoja wa wale wa Magwagwa."

Sikuelewa. Akasema tena. Alikuwa akienda pale kabla hata baba hajafariki. Mwaka baada ya mwaka, kila mwezi, akituambia anaenda kumwona shangazi. Dawa zimemweka sawa, virusi havionekani kwenye kipimo, na Jumapili iliyopita alikuwa amewaambia akina mama wa jumuiya, kwa sababu kuna binti mmoja mpya aliyeogopa kuanza dawa na mtu alipaswa kumwonyesha kwamba watu huishi. "Sasa na wewe unajua," akasema. "Usinitolee macho, menya ndizi."

Nilimenya. Nililia pia, nikacheka, sijui nilianza na lipi. Kisha ile siku ya soko ikanirudia, mkono wa mama ukiwa nusu umenyooka.

"Karani alikuona," nikasema.

"Aliniona sana. Angenisalimu, si ungeniuliza tumejuana wapi? Mimi ndiye niliyesahau nikanyoosha mkono." Akatupa ganda kwenye ndoo. "Alibeba matusi ya watu wengi huyo mama. Nipeleke nikamsalimu."

Nikakumbuka pia ile Jumapili ya daftari. Karani alikuwa ameketi nami siku mbili nikipekua mistari, anajua jina la mama yangu limo ndani ya mlango niliouacha wazi mimi mwenyewe, na hakunijulisha hata kwa kuguna. Neno moja tu lingetosha kuniadhibu maisha yangu yote.

Tulikwenda Jumapili baada ya misa ya kwanza. Karani anaishi Nyanchwa siku hizi, kwa binti yake. Alianguka bafuni akavunjika nyonga, akatengenezwa, na sasa anajifunza kutembea kwa kile chuma cha miguu minne. Tulipanda mlima kwa miguu, mama mbele yangu, hakutaka bodaboda.

Tulimkuta barazani kwenye jua la asubuhi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, miwani na uzi wake mwekundu, kitambaa cha kufuma magotini.

"Fundi!" uso ukamng'aa. "Hujambo? Mashine zimeamka?"

"Zimeamka, Karani. Nimekuja na mama yangu."

Macho yake yakampita mama, yakaenda juu ya paa la jirani. "Mwambie aketi," akaniambia mimi. Akaanza kufuma.

Vile vile, jamani! Miaka yote hiyo, nyonga imevunjika, kazi ameiacha, na ule mlango wa pili bado umefungwa. Binti yake akaona aibu, akamgusa bega. Karani akafuma.

Mama akasogea mbele yake. "Karani, nimemwambia."

Sindano ikasimama.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Na wa jumuiya nimewaambia."

"Hakuna aliyekulazimisha?"

"Nani anilazimishe mimi?"

Karani akamtazama. Mara ya kwanza mbele yangu, alimtazama mama yangu usoni, kwa muda mrefu, machozi yakimjaa nyuma ya miwani. Akaweka kitambaa kando, akakishika kile chuma kwa mikono miwili.

Binti yake akaruka. "Mama, ngoja, daktari alisema usiinuke bila mtu!" Mimi nami nilikuwa nimeshanyoosha mikono kumshika kwapani.

"Mikono nyuma!" Karani akasema.

Nikairudisha. Binti akanitazama kama nimerukwa na akili, lakini naye akairudisha, na mama yangu pia akaweka ya kwake nyuma. Tukangoja. Karani akajisogeza ukingoni mwa kiti. Akapumzika. Akasukuma, akarudi chini, akasukuma tena, mdomo umekazwa. Akanyooka nusu, kisha robo tatu, kisha akawa amesimama.

Akautoa mkono wa kulia kwenye chuma, akaunyoosha.

"Bwakire, mama wa Fundi," akasema, akimwamkia kwa lugha yetu.

"Bwakire buya, Karani," mama akajibu, akaupokea kwa mikono yote miwili, na hawakuachiana. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale barazani, mikono yangu bado nyuma.